Ilikuwa Zamu ya Janelle

Najma, Doha
Jumamosi, Novemba 2014

Mwalimu Barasa,

Nimekaa mezani tangu saa nne asubuhi na hii ni karatasi ya tatu. Zile mbili za kwanza nilianza kwa kukuomba msamaha, nikajiona kama mtu anayejaza fomu ya ofisi. Nimezichana. Wacha nianze na habari, kama ulivyokuwa ukinitaka kila nikitoka likizo: "Kerubo, habari kwanza, zawadi baadaye."

Habari ni kwamba chumba chako nimepewa mimi. Tangu mwezi wa tisa mimi ndiye mwalimu wa historia wa darasa la nane, si msaidizi tena. Jina langu limebandikwa mlangoni palipokuwa na lako. Gundi ya lako haikutoka vizuri, kwa hiyo ukitazama kwa upande bado unaiona ile B. Ramani yako ya Marekani, ile uliyoibandika karatasi nyuma pale ilipopasuka, iko ukutani. Walitaka kuleta mpya, nikawaambia hii inatosha. Mwalimu wa hesabu bado anatafuta kikombe chake na bado anaamini kilichukuliwa na Wakenya.

Mama Nekesa wako hunipigia kila Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, nikitoka kanisani. Ananiita mtoto wenu. Wiki mbili zilizopita aliniuliza kama mume wake alikuwa na furaha miezi yake ya mwisho hapa Doha. Nikamwambia ndiyo, mama, alikuwa na furaha. Alipokata simu nilikaa pale kwenye ngazi za kanisa la Mesaimeer, watu wananipita na Biblia zao. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu yako. Wa kwanza unaujua.

Unakumbuka nilivyofika, 2011? Nilikuja na nguo nyepesi tupu kwa sababu nilisoma kwamba huku kuna joto. Wewe ukaniambia, beba sweta. Nilidhani unanicheka mimi mshamba wa Kisii. Nje nyuzi arobaini na kitu, na ndani ya darasa kiyoyozi kinapuliza kama Limuru mwezi wa saba. Ukanipa sweta yako ya bluu, ile ya mabega mapana, nikaivaa wiki nzima nikionekana kama mtoto aliyevaa nguo za babake.

Nilikuuliza, mtu wa Bungoma anawezaje kuja Uarabuni kufundisha watoto historia ya Marekani, tena wengine ni Wamarekani wenyewe. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Sisi yetu tulifundishwa na wageni," ukasema, "na hakuna mzazi aliyeulizwa."

Lakini uliipenda. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilidhani mtu anayejua mambo yote yale ya utumwa na ya Wahindi Wekundu waliofukuzwa kwenye ardhi zao angekuwa anafundisha kwa hasira. Wewe mwezi wa kwanza wote ulikuwa unawapeleka watoto polepole kwenye Tamko la Uhuru na Katiba. Uliwasimamisha wasome kwa sauti, Wahindi, Walebanoni, Waqatari, Wafilipino na hao Wamarekani wenyewe, pale panaposemwa watu wote wameumbwa sawa. Halafu ukawaambia: "Sasa tuanze kutafuta nani hakuhesabiwa." Na uliniambia siku moja tukinywa chai ya karak kwa yule Mhindi wa Kerala wa pale kona: "Mtoto akitoka kwangu anajua tamko peke yake, nimemdanganya. Akitoka anajua mjeledi peke yake, nimemdanganya vilevile." Niliiandika nyuma ya risiti. Nilitaka kuwa mwalimu wa namna hiyo.

Sasa nifike Februari ya mwaka huu.

Kitabu cha shule kilikuwa na ukurasa mmoja na nusu juu ya utumwa, na mahali fulani kiliwaita watu wale "wafanyakazi kutoka Afrika". Ulilizungushia neno hilo duara kwa penseli, kitabu baada ya kitabu, vyote ishirini na viwili. Ukaleta fotokopi za matangazo ya magazeti ya zamani, yale ambayo wenye watumwa walikuwa wakitangaza kutafuta waliotoroka. Kila mwanafunzi alipewa tangazo moja. Walisoma kwa zamu kufuata meza, kuanzia dirishani. Mimi nilisimama nyuma, kando ya kabati. Nilikuwa naona kila kitu.

Rohan alisoma lake, akakaa. Zamu ikaja kwa Janelle. Alikuwa mtoto pekee Mmarekani mweusi katika darasa lile. Alisimama, na kabla hajafungua mdomo niliona vichwa vinageuka. Si kwa ubaya. Vilimgeukia tu, vyote, kama vile tangazo lile lilikuwa linamhusu yeye. Akaanza kusoma. Msichana wa umri wake, rangi yake namna gani, kovu lake liko wapi, meno yake yakoje. Alipofika kwenye kovu sauti ikakatika. Ulikwenda ukasimama kando yake, ukaichukua karatasi kwa taratibu na kuimalizia wewe mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

Kengele ilipolia na wote wakatoka, uliniuliza: "Kerubo, nimekosea?"

Nikasema, "Hapana, Mwalimu."

Mwalimu, niliviona vile vichwa. Wewe ulikuwa ukimtazama Janelle, hukuviona. Ningekwambia siku hiyohiyo, ungempata yule mtoto kabla hajapanda basi. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa mwalimu na mimi msaidizi, na kwa sababu nilikupenda na sikutaka kukuona ukiumia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na hakuna aliyenilazimisha.

Malalamiko yakaja mawili. Baba mmoja, ambaye mwanawe wala hakulia, aliandika kwamba watoto waje shuleni kujifunza mambo ya kujivunia, hayo mengine wataambiwa wakikua. Na mama yake Janelle aliandika kwamba mwanawe amechaguliwa mbele ya wenzake kwa sababu ya rangi yake. Barua hizo mbili hazikuwa zinataka kitu kimoja. Lakini mkuu wa shule aliziweka kwenye faili moja.

Niliitwa ofisini Jumatano. Mkuu alikuwepo na naibu wake anaandika. Wewe walikuweka nje kwenye benchi, nilikupita nikiingia, ukaniambia, "Sema tu ulichoona." Mkuu hakuwa mkali. Aliniuliza swali moja: je, Mwalimu Barasa alimchagua Janelle, au walisoma kwa zamu?

Jibu lilikuwa neno moja. Zamu. Nikafikiria mkataba wangu uliokuwa unaisha mwezi wa sita. Nikafikiria kwamba shule ndiyo kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, wakinikataa siwezi hata kwenda shule nyingine bila barua yao. Nikamwona mama yangu akiniona nashuka kwenye ndege na sanduku. Hayo yote yalipita kwa muda wa kumeza mate.

Nikasema, "Sikuona vizuri. Nilikuwa napanga madaftari."

Naibu akaandika. Nilisikia kalamu yake.

Ulitolewa darasani wiki iliyofuata ukapelekwa maktaba kusimamia watoto wanaosoma wenyewe. Somo la utumwa likarudishwa kwenye ule ukurasa mmoja na nusu. Kumbukumbu za kikao ulipewa usome na utie sahihi, kwa hiyo najua uliisoma sentensi yangu. Najua ulijua. Na Alhamisi hiyo ulikuja kwenye mlango wa chumba changu hapa Najma na chapati zimefungwa kwenye karatasi ya fedha, ukaniuliza kama nimekula.

Miezi mitatu hukuniuliza. Ningetamani ungenigombeza. Ulinisaidia kupanga masomo ya darasa lako mwenyewe, nililoachiwa kulishikilia, ukanionyesha jinsi ya kuwaeleza Katiba wale wasiojua Kiingereza vizuri. Nilianza kukukwepa, nadhani uliona. Ile Ijumaa ya mwisho uliponiambia twende Wakrah tukatazame bahari, nilisema nina nguo za kufua. Sikuwa na nguo za kufua.

Ulianguka Jumanne, maktaba, saa ya mapumziko. Moyo. Mtoto mmoja wa darasa la sita alikuja anakimbia kuniita mimi, hakumwita muuguzi, kwa sababu watoto walikuwa wanajua sisi ni watu wa nyumbani pamoja. Nilikukuta umelala kati ya rafu mbili na miwani yako imekaa vizuri usoni kama mtu anayesoma. Niliingia nawe kwenye gari la wagonjwa. Nilikushika mkono njia nzima nikisema mambo kwa Kiswahili na kwa Kikisii, na sikusema lile moja. Mbele ya wale wahudumu nilishikwa na aibu. Hata pale.

Tulikuombea Mesaimeer Ijumaa, kabla mwili wako haujasafirishwa nyumbani. Ukumbi ulijaa. Walinzi, mayaya waliopewa ruhusa ya saa mbili tu, madereva, manesi. Nilikuwa nagawa maji nilipomwona mama yake Janelle amesimama mlangoni, gauni jeusi, hajui aingie au asiingie. Nikamfuata.

Aliniambia, "Alikuja nyumbani kwetu, unajua?"

Sikujua. Akanieleza kwamba wiki ile uliyoondolewa darasani ulikwenda kwao Jumamosi, ukakaa sebuleni ukiwa umeshika kofia, ukamwomba Janelle msamaha kama unavyomwomba mtu mzima. Ulimwambia kosa ni lako, kwamba ulipaswa kujua karatasi ile ingemfikia nani. Na yule mama akakueleza alichokuwa anakitaka. Hakutaka uondolewe. "Matangazo yale," akaniambia, "yanamwonyesha msichana kwa macho ya mtu anayemtafuta amrudishe. Mwanangu alisoma kovu na meno. Hakuna aliyemuuliza yule msichana alikuwa anakimbilia wapi. Nilitaka yafundishwe, lakini kwa namna ambayo mwanangu habaki peke yake ndani yake." Akasema mlizungumza kwa saa mbili na ulipotoka ulikuwa umeandika kurasa nne.

Halafu akanitazama. "Wewe ulikuwepo darasani. Nilimuuliza kama alimchagua mwanangu, akaniambia kosa ni lake tu, hakusema zaidi. Alimchagua?"

Chupa za maji zilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Hapana. Ilikuwa zamu yake. Walikuwa wanasoma kufuata meza."

Ndani walikuwa wameanza wimbo.

"Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia niliogopa. Hakunikumbatia na hakunitukana. Alichukua chupa moja ya maji, akaingia, akakaa kiti cha nyuma mpaka mwisho wa ibada.

Mwezi wa tisa, nilipopewa darasa lako, ndiye mtu wa kwanza niliyemtafuta. Nilidhani atanikatalia. Alinikaribisha kwake, tukakaa mezani na zile kurasa zako nne, maana ulimwachia nakala. Janelle yuko darasa la tisa sasa, amerefuka, anavaa miwani. Alisoma mpango wangu wa somo na kalamu mkononi. Mahali nilipokuwa nimeandika kwamba wanafunzi wafumbe macho wajifikirie wao ni watumwa, alipiga mstari mweusi. "Hapana, Miss," akasema. "Huwezi kujifikiria hivyo kwa dakika tano halafu uende kula." Basi tuliondoa. Tukaweka alichotaka mama yake: kila kundi la watoto lichukue tangazo moja, wasiguse maelezo ya mwili, watafute mtu yule alijua kufanya nini na alikuwa anakwenda kwa nani. Na hakuna anayesoma kwa sauti peke yake.

Mkuu wa shule alikubali vipindi viwili, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atakaa nyuma. Alikaa Jumatatu iliyopita, pale pale kando ya kabati nilipokuwa nimesimama mimi.

Ungefurahi, Mwalimu. Kundi moja likagundua kwamba mtu wao alijua kusoma na kuandika. Kundi lingine likapata mshonaji. Kundi la dirishani lilikuwa na mwanamke ambaye mwenye tangazo anadhani amekwenda kumtafuta mama yake, aliyeuzwa upande mwingine wa mto. Mvulana mmoja Mmarekani, mkubwa wa mwili, mcheza mpira, akasema polepole, "Kwa hiyo hakuwa anatoroka. Alikuwa anakwenda nyumbani." Niliandika sentensi yake ubaoni.

Kisha akainua mkono Maryam. Ni Mqatari, mtoto mwenye adabu, huwa haongei sana. Akasema kitabu kinasema "wafanyakazi". Akauliza: "Miss, yaya wetu, pasipoti yake anaweka baba. Yeye ni mfanyakazi au ni hii nyingine?"

Kule nyuma mkuu aliacha kuandika. Nilihisi jasho kwenye kile kiyoyozi chako cha Limuru.

Nilikutafuta, Mwalimu. Kweli nilikutafuta, nikaelekeza macho mlangoni kama mjinga. Halafu nikamjibu nilichokijua. Nikamwambia yaya wako hakununuliwa, alisaini mkataba, anapata mshahara, na watoto wake hakuna anayeweza kuwauza, na tofauti hiyo ni kubwa, tusiifute. Lakini pasipoti ni ya yaya, na sheria ya nchi hii yenyewe inasema ikae na mwenyewe. Nikamwambia umeuliza swali la mtu aliyesoma vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mkuu alitoka kabla ya kengele. Siku mbili sikupata usingizi mzuri. Nilijua ataniita, na nikajua kwamba akiniita nitaanza tena kupima maneno, nitaanza tena kupanga madaftari. Kwa hiyo sikungoja. Jumatano nilirudi nyumbani nikaandika barua kwa Kiingereza, ukurasa mmoja: kwamba tarehe ile nilikuwa darasani, niliona kila kitu, wanafunzi walisoma kwa zamu kufuata meza, Mwalimu Barasa hakumchagua mtoto yeyote, na nilichosema kwenye kikao hakikuwa kweli. Nikatia majina yangu yote matatu. Alhamisi nikampelekea.

Aliisoma mara mbili. Akauliza, "Kwa nini sasa? Mwenyewe ameshafariki."

Nikasema faili lake halijafariki. Bado linasema alimwonea mtoto.

Alivua miwani. Nadhani si mtu mbaya, Mwalimu, ulikuwa ukiniambia hivyo nami nilikuwa sitaki kukubali. Alisema nikiiacha mezani kwake atalazimika kuipeleka kwa wenye shule, na wao hawatauliza juu yako, watauliza juu ya mwalimu aliyesema uongo kwenye kikao. Alisema mikataba inaangaliwa mwezi wa tatu. Akaisukuma barua kurudi upande wangu. "Kaa nayo mpaka Jumapili, shule ikifunguliwa. Ufikirie."

Iko hapa, chini ya kiwiko changu. Nimefikiria tangu Alhamisi. Sitakudanganya kwamba nimekuwa jasiri. Jana kanisani niliomba niugue Jumapili. Nikirudishwa nyumbani sijui nitaanzia wapi, na darasa lile atapewa mtu atakayefungua ule ukurasa mmoja na nusu na kufunga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkataba. Pengine ningenyamaza, ningewafundisha watoto wengi zaidi ukweli. Nimelipima wazo hilo asubuhi nzima na linafanana sana na lile lililonipitia Februari, la kumeza mate.

Siwezi kusimama mbele ya Maryam tena na uongo huo.

Kwa hiyo ninakuahidi mambo mawili, na nayaandika ili yasinitoroke. Kesho barua hii ya Kiingereza inarudi mezani kwake na inabaki pale. Na mwezi wa kumi na mbili, nikiwa bado mwalimu au nikiwa nimefungasha mizigo yote, nitapita Bungoma kabla ya kwenda kwetu. Nitakaa na Mama Nekesa jikoni nimwambie kwa mdomo wangu jinsi miezi yako ya mwisho ilivyokuwa na nani aliyeifanya iwe hivyo. Akinifukuza nitatoka. Akinipa chai nitainywa.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Nilichelewa kukwambia kwamba ulikosea kidogo siku ile, na nilichelewa kuwaambia wao kwamba hukukosea wanavyosema. Yote mawili ni kweli na ningekwambia ungekuwa wa kwanza kuyaandika ubaoni.

Kesho nitapitia ofisini kabla ya kengele, kisha nitaingia darasani. Tumefika kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na watoto wameshaanza kuuliza nani alikuwa upande gani.

Msaidizi wako,
Kerubo